Kubadilisha oili ya injini

Kubadilisha oili ya injini (katika gereji za Tanzania huitwa pia kumwaga oili) ni kazi ya kuondoa oili iliyochakaa ndani ya injini, kubadilisha filta yake na kutia oili mpya. Ni sehemu ya msingi ya matunzo ya gari, pikipiki, trekta, pawatila, mashine ya kukoboa nafaka, jenereta na boti yenye injini.

Swali linaloulizwa zaidi kuhusu kazi hii ni la muda: oili ibadilishwe kila baada ya kilomita ngapi? Hakuna namba moja inayofaa injini zote. Muda hutegemea mambo matatu: agizo la mtengenezaji wa injini, aina ya oili iliyotiwa, na jinsi chombo kinavyotumika. Kwa sababu hiyo magari mawili ya aina moja, yanayokaa mtaa mmoja, yanaweza kuhitaji oili mpya kwa nyakati tofauti kabisa.

Pia kubadilisha oili si sawa na kuipima. Kubadilisha hufuata ratiba ya kilomita, miezi au saa. Kupima kiasi cha oili kwa kijiti chake hufanyika mara kwa mara katikati ya ratiba hiyo. Injini iliyobadilishwa oili kwa wakati inaweza bado kufa ikiwa oili imepungua bila mwenyewe kujua.

## Kazi ya oili ndani ya injini

Injini ina vipande vingi vya chuma vinavyosuguana kwa kasi. Katika gari linalokwenda barabarani, krenki inaweza kuzunguka mara 2,000 hadi 3,000 kwa dakika. Kati ya krenki na beringi zake huwa kuna utando mwembamba sana wa oili, na utando huo ndio unaozuia chuma kugusa chuma.

Oili hufanya kazi zifuatazo:

* kulainisha, yaani kupunguza msuguano na ulikaji wa chuma;
* kupoza sehemu ambazo maji ya rejeta hayafiki, kama vile pistoni na beringi;
* kusafisha, kwa kubeba masizi na uchafu hadi kwenye filta;
* kuziba nafasi ndogo kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda, ili nguvu ya mwako isipotee;
* kuzuia kutu.

Oili inayouzwa kwenye kopo si mafuta matupu. Imechanganywa na kemikali za nyongeza: za kusafisha, za kushika masizi yasigandamane, za kulinda chuma pale utando unapokuwa mwembamba, za kuzuia povu na za kupunguza asidi.

## Kwa nini oili huchakaa

Watu wengine husema oili haiozi, hivyo inatosha kuongeza ile iliyopungua. Ni kweli kwamba mafuta yenyewe huchukua muda mrefu kuharibika, lakini kemikali za nyongeza hutumika na kwisha, na uchafu huzidi kujikusanya. Sababu kuu za kuchakaa ni hizi:

* Joto. Oili ya moto huungana na oksijeni ya hewani, ikawa nzito na kuacha utando mweusi kama lami. Kwa makadirio ya kawaida ya wanakemia, kila joto linapoongezeka kwa nyuzi 10 za selsiasi kasi ya uharibifu huo huongezeka takriban mara mbili.
* Masizi na asidi. Hutokana na mwako na hupenya kando ya ringi. Injini ya dizeli hutoa masizi mengi kuliko ya petroli.
* Petroli au dizeli isiyoungua. Huingia zaidi injini ikiwa bado baridi, na huifanya oili kuwa nyepesi mno.
* Maji. Mwako wenyewe hutoa mvuke wa maji. Injini ikipata moto kamili mvuke hutoka. Safari ikiwa fupi sana hubaki na kuchanganyika na oili.
* Vumbi. Hupita kwenye filta ya hewa iliyochanika au isiyokaa vizuri. Chembe za mchanga husaga ringi na beringi kama msasa.

Kati ya sababu hizo, nyingine huendana na umbali, nyingine na muda, nyingine na hali ya barabara. Ndiyo maana kuhesabu kilomita peke yake hakutoshi.

## Kilomita, miezi au saa

Vitabu vya maelekezo ya magari hutaja namba mbili pamoja, ya kilomita na ya miezi, kwa sharti la "lolote litakalotangulia". Kwa injini zisizotembea, au zinazotembea majini, kipimo ni saa za kazi.

Nchini Marekani madereva wengi walizoea kwa miongo mingi kubadilisha oili kila maili 3,000, yaani karibu kilomita 4,800. Oili na injini za zamani zilihitaji hivyo. Injini na oili za sasa ni bora zaidi, na watengenezaji wengi wameongeza muda huo. Katika Afrika Mashariki mafundi wengi bado hutaja kilomita 3,000 au 5,000 na kuiandika namba ya kurudi kwenye karatasi inayobandikwa ndani ya gari.

Magari mengi ya watu binafsi nchini Tanzania huletwa kutoka Japani yakiwa yametumika, na mara nyingi kitabu chake huwa cha Kijapani au hakipo. Mfano wa maagizo ya Toyota kwa soko la Japani ni huu:

* Gari la petroli lisilo na turbo: kilomita 15,000 au mwaka 1, kwa matumizi magumu, kilomita 7,500 au miezi 6.
* Gari la petroli lenye turbo: kilomita 5,000 au miezi 6, kwa matumizi magumu, kilomita 2,500 au miezi 3.

Mfano huo unaonyesha mambo mawili. Kwanza, matumizi magumu hupunguza muda kwa nusu. Pili, turbo hupunguza muda zaidi, kwa sababu oili hupita kwenye beringi za turbo zenye joto kali. Namba hizi hutegemea pia oili ya daraja lililoagizwa. Gari lenye umri mkubwa lililotiwa oili ya madini ya bei nafuu haliwezi kupewa kilomita 15,000. Kwa gari la namna hiyo, ambalo historia yake haijulikani, kilomita 5,000 au miezi 6 ni kipimo cha tahadhari kinachoeleweka.

Oili ya sintetiki huvumilia joto kwa muda mrefu kuliko ya madini. Hata hivyo haizuii vumbi, maji wala petroli kuingia. Kuitumia si ruhusa ya kupuuza kitabu cha gari.

## Matumizi magumu ni yapi

Dereva wengi hudhani matumizi magumu ni mbio au kubeba mizigo mizito tu. Kwa watengenezaji, maana yake ni pana zaidi:

* kusafiri mara kwa mara kwenye barabara za vumbi, matope au mashimo;
* kupanda na kushuka milima kwa muda mrefu;
* safari fupi, za kilomita 8 au pungufu, ambazo injini haipati moto kamili;
* kuunguruma kwa muda mrefu gari likiwa limesimama, au kwenda polepole kwenye foleni;
* kuvuta tela au kubeba mzigo mzito.

Gari likiunguruma limesimama, mita ya kilomita haisogei lakini oili inaendelea kuchakaa. Baadhi ya watengenezaji hukadiria saa moja ya kuunguruma hivyo kuwa sawa na mwendo wa kilomita 40 hadi 50.

Kwa maelezo hayo, magari mengi ya Afrika Mashariki yamo katika kundi la matumizi magumu, hata kama mwenyewe huliendesha kwa upole.

## Mfano wa Kyela na mwambao wa Ziwa Nyasa

Wilaya ya Kyela, Mkoa wa Mbeya, inafaa kuonyesha jinsi muda unavyotofautiana. Ni bonde lenye joto na mvua nyingi kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari. Barabara ya kwenda jijini Mbeya hupanda kupitia Tukuyu hadi nyanda za juu zenye baridi, zaidi ya mita 1,000 juu ya bonde. Mashariki ya bonde, chini ya Milima ya Livingstone, kuna Matema na Ikombe, maarufu kwa vyungu vya akina mama wa Kikisi. Kwa miaka mingi watu na mizigo ya Ikombe wamesafiri kwa mtumbwi, kwa boti au kwa njia ya miguu kandokando ya ziwa. Kwa hiyo katika eneo dogo hukutana karibu kila aina ya injini.

Gari la abiria. Gari linalokwenda Mbeya na kurudi kila siku hupita kilomita 200 kwa siku. Likitembea kila siku, kilomita 5,000 hutimia ndani ya siku 25. Mlima ni mrefu, abiria wamejaa, injini hukaa kwenye gia ndogo. Hapa kilomita ndizo zinazotangulia, na kwa mwaka mzima gari hilo linaweza kuhitaji oili mpya zaidi ya mara 12.

Gari la nyumbani. Mtumishi anayeishi Kyela mjini na kwenda kazini kilomita 3 kwa siku, kisha kurudi, hutembea kilomita 6. Kwa miezi 6 hajafikisha kilomita 1,100. Akingoja kilomita 5,000 atakaa na oili ileile zaidi ya miaka miwili, na injini yake haipati moto kamili hata siku moja. Huyu ahesabu miezi.

Bodaboda. Pikipiki ndogo hubeba takriban lita 1 tu ya oili, na katika nyingi oili hiyohiyo hulainisha giaboksi na klachi. Injini hupozwa kwa upepo, bila rejeta. Pikipiki inayotembea kilomita 100 kwa siku hufikisha 3,000 kwa mwezi mmoja. Oili ikipungua nusu lita, nusu ya kinga yote imekwenda.

Mashine ya kukoboa mpunga. Mchele wa Kyela unajulikana nchi nzima, na baada ya mavuno, katikati ya mwaka, mashine hufanya kazi mfululizo. Injini hizi za dizeli hazina kilomita. Maagizo yake mara nyingi ni kati ya saa 100 na 250, kulingana na mtengenezaji. Mashine inayoagizwa saa 100 na kufanya kazi saa 8 kwa siku huhitaji oili mpya baada ya siku 12 au 13. Mmiliki anayezoea kubadilisha "kila mwezi" atakuwa amepitisha zaidi ya saa 200, tena kwenye pumba na vumbi. Msimu ukiisha, inafaa kumwaga oili chafu kabla ya kuiacha mashine, kwa sababu asidi iliyomo hula beringi hata injini ikiwa kimya.

Boti. Injini zinazofungwa nyuma ya boti ni za aina mbili. Zile za mapigo mawili hazina oili ya kubadilisha: oili huchanganywa na petroli na kuungua nayo. Injini nyingi za namna hii huagizwa sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili, yaani mililita 20 kwa kila lita ya petroli au lita 1 kwa lita 50. Oili ikipungua kwenye mchanganyiko, pistoni hukwama. Ikizidi, plagi huchafuka na moshi huwa mwingi. Zile za mapigo manne hubadilishwa oili kama gari, kwa kawaida karibu kila saa 100, na mara ya kwanza mapema zaidi injini ikiwa mpya. Boti inayokwenda saa 4 kwa siku hufikisha saa 100 kwa siku 25.

Aina zote mbili zina oili nyingine kwenye gia za chini, karibu na pangaboi. Nayo hubadilishwa. Ikitoka na rangi ya maziwa, maji yameingia na sili ibadilishwe kabla ya safari nyingine. Jambo hili ni la usalama. Gari likizimika, abiria hushuka. Boti ikizimika chini ya Milima ya Livingstone, ambako ufuo ni wa miamba na upepo wa Mwera huinua mawimbi makubwa, watu waliomo wamo hatarini.

Njia rahisi kwa mashine na boti ni daftari. Kila siku mwendeshaji huandika saa za kazi, na jumla ikikaribia kikomo, oili hununuliwa mapema. Hilo ni muhimu zaidi mahali ambapo duka la spea liko mbali.

Mafuriko. Mito ya Kyela, kama Songwe, Kiwira na Mbaka, hufurika wakati wa masika. Gari au pikipiki iliyozama kwenye maji isiwashwe kwanza. Kijiti kivutwe, oili ikiwa na rangi ya maziwa imwagwe mara moja, hata kama ilitiwa jana yake.

## Kusoma maandishi ya kopo

Alama mbili ndizo muhimu zaidi.

Mnato huonyeshwa na namba za SAE, chama cha wahandisi wa magari kilichoanzishwa Marekani mwaka 1905. Katika 15W-40, namba ya kwanza, yenye herufi W, hueleza wepesi wa oili wakati wa baridi, na ya pili hueleza uzito wake injini ikiwa ya moto. Namba ya kwanza ikiwa ndogo, oili hufika haraka kwenye vipande vya juu injini inapowashwa.

Watu wengi huamini oili nzito, kama 20W-50, ni bora kwa nchi ya joto. Hilo linaweza kuwa sahihi kwa injini ya zamani iliyoundwa hivyo. Injini mpya iliyoagizwa 0W-20 au 5W-30 ina njia nyembamba za oili. Ikitiwa 20W-50, oili huchelewa kufika inapowashwa asubuhi. Kitabu cha gari, au maandishi kwenye kifuniko cha kutilia oili, ndiyo yafuatwe.

Ubora huonyeshwa na herufi za API, taasisi ya petroli ya Marekani. Kundi la S ni la injini za petroli na kundi la C ni la dizeli. Herufi inayofuata ikisogea mbele katika alfabeti, kiwango ni kipya zaidi. API SP, kwa mfano, ilianza mwaka 2020. Madaraja ya SA hadi SH yamepitwa na wakati. Kwa maelezo ya API yenyewe, SF haifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya mwaka 1988. Hata hivyo oili za madaraja ya zamani bado hutengenezwa na kuuzwa. Kopo linalong'aa lenye daraja la SF si nafuu kwa gari la mwaka 2008, hata bei yake ikiwa ndogo.

Pikipiki ambazo klachi yake imezama kwenye oili huhitaji oili yenye alama ya Kijapani ya JASO MA. Baadhi ya oili za magari huwa na kemikali za kupunguza msuguano, na klachi ya pikipiki huanza kuteleza. Kwa injini za boti za mapigo mawili alama inayotafutwa ni TC-W3.

Nchini Tanzania ubora wa vilainishi husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS) na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA). Pamoja na hayo, mnunuzi akague: kifuniko kiwe na ute wake haujakatwa, maandishi yasomeke, namba ya toleo iwepo. Oili inayopimwa kutoka pipa lililo wazi haina uthibitisho wa daraja wala usafi. Makopo matupu yatobolewe, ili yasijazwe oili chafu na kurudishwa sokoni.

## Kupima kiasi cha oili

Gari liegeshwe mahali tambarare, injini izimwe, na dakika 5 hivi zipite ili oili ishuke. Kijiti kivutwe, kifutwe kwa kitambaa safi, kirudishwe hadi mwisho, kisha kivutwe tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Katika magari mengi madogo nafasi kati ya alama hizo ni takriban lita 1.

Injini nyingi zenye umri hula oili. Watengenezaji wengine huhesabu hata lita 1 kwa kilomita 1,000 kuwa ndani ya mipaka. Chukua injini inayobeba lita 4 na kula lita 1 kila kilomita 2,000. Ikipelekwa kilomita 5,000 bila kupimwa, lita 2.5 zitakuwa zimeondoka na kubaki lita 1.5. Kwenye mlima au kona kali, pampu huvuta hewa badala ya oili. Dereva aliyefuata karatasi ya fundi kwa uaminifu anaweza kuua injini kabla ya siku iliyoandikwa.

Kwa gari la kawaida kupima mara moja kwa wiki hutosha. Kwa gari la abiria, bodaboda, mashine na boti, ni kila siku kabla ya kuwasha.

Taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi haionyeshi kwamba oili imezeeka. Kwa kawaida huonyesha kwamba msukumo wa oili umepotea. Ikiwaka barabarani, injini izimwe palepale panapofaa kusimama. Kuendelea "hadi gereji ya mbele" kwa kilomita chache kunaweza kugharimu injini nzima.

## Rangi na dalili nyingine

Rangi nyeusi peke yake si kipimo. Oili ya dizeli huwa nyeusi ndani ya saa chache tangu itiwe, na katika injini ya petroli weusi unaweza kuwa ushahidi kwamba oili inafanya kazi yake ya kusafisha. Dalili zenye maana ni hizi:

* rangi ya maziwa au kahawa yenye maziwa: maji yameingia, pengine gasketi ya silinda hedi imeungua;
* harufu kali ya petroli, au oili kupanda juu ya alama ya mwisho: petroli au dizeli inavuja ndani;
* chembe zinazokwaruza kati ya vidole, au vumbi la chuma linalong'aa: kuna kitu kinasagika;
* ute mzito kama lami chini ya kifuniko: oili imepitishwa muda;
* moshi wa bluu: injini inachoma oili.

Dalili hizi zikionekana, kubadilisha oili peke yake hakuponyi. Chanzo kitafutwe.

## Hatua za kubadilisha

# Injini iwashwe dakika chache ili oili ipate uvuguvugu na kubeba uchafu, kisha izimwe.
# Gari liwe tambarare, breki ya mkono ivutwe. Likiinuliwa, liwekwe kwenye stendi. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.
# Bolti ya chini ya sampu ifunguliwe juu ya beseni, oili iachwe imalizike kuchuruzika. Bolti irudishwe na washa mpya.
# Filta ya zamani itolewe, na ihakikishwe kwamba mpira wake haukubaki kwenye injini. Mpira wa filta mpya upakwe oili kidogo, kisha filta ikazwe kwa mkono.
# Oili mpya itiwe kwa kiasi cha kitabu, ikipimwa kwa kijiti. Isizidishwe, kwani krenki ikiipiga hutoa povu.
# Injini iwashwe, taa ya oili izimike ndani ya sekunde chache, uvujaji utazamwe, kisha kipimo kirudiwe.
# Tarehe, kilomita au saa, na aina ya oili viandikwe.

Kuacha filta ya zamani ili kuokoa fedha ni hasara, kwa kuwa hubaki na oili chafu ndani yake. Kusafisha injini kwa mafuta ya taa au dizeli kabla ya kutia oili mpya nako si salama: hubaki ndani na kupunguza mnato, na huweza kubandua uchafu unaoziba njia za oili.

## Oili chakavu

Oili iliyomwagwa ina metali na kemikali za mwako. Baadhi zinaweza kusababisha saratani ya ngozi kwa anayezishika miaka mingi bila kunawa. Fundi avae glovu au anawe kwa sabuni. Petroli si ya kunawia.

Shirika la mazingira la Marekani (EPA) hukadiria kwamba oili ya kubadilisha mara moja inaweza kuchafua maji masafi mara milioni moja ya ujazo wake. Nchini Tanzania Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hukataza uchafuzi wa namna hiyo, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) ndilo lenye jukumu la usimamizi.

Kwa mwambao wa Ziwa Nyasa jambo hili si la mbali. Ziwa hilo lina mamia ya aina za samaki wasiopatikana kwingine duniani, na maji yake hutoka kwa mto mmoja tu, Shire, upande wa kusini. Kinachomwagwa ufukweni Ikombe au Matema hakina haraka ya kuondoka, na maji hayohayo huchotwa kwa ndoo kwa kupikia.

Oili chakavu ihifadhiwe kwenye dumu lenye kifuniko, mbali na chakula na watoto, bila kuchanganywa na maji wala petroli, kisha ipelekwe kwa gereji au mkusanyaji mwenye kibali. Katika vijiji vingi hupakwa kwenye nguzo ili kuzuia mchwa. Matumizi hayo yasifanyike karibu na kisima, bustani au ukingo wa maji. Isitumike kamwe kupaka vidonda vya mifugo wala kuwashia moto wa jikoni.